Paul Broca, daktari aliyehesabu vifo vya saratani ya matiti katika ukoo mmoja

Huenda umewahi kutazama filamu ya Decoding Annie Parker, iliyotoka mwaka 2013. Inasimulia maisha ya mwanamke wa Canada aliyempoteza mama yake kwa saratani ya matiti, kisha dada yake, na baadaye yeye mwenyewe akaugua. Annie anaamini kuna kitu kinachotembea ndani ya damu ya familia yao. Madaktari wanamwambia ni bahati mbaya tu. Wakati huohuo, mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, anahangaika miaka mingi kutafuta jeni inayosababisha balaa hilo.

Leo sitazungumzia waigizaji. Nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyejiuliza swali hilohilo zaidi ya miaka 100 kabla ya Annie kuugua. Ni daktari Mfaransa, Paul Broca, aliyefariki mwaka 1880. Nimemchagua kwa sababu kazi aliyoifanya juu ya saratani ya matiti haikuhitaji mashine wala maabara. Ilihitaji kuuliza, kusikiliza na kuandika, na hayo hata wewe unaweza kuyafanya ukiwa nyumbani kwako.

Mtoto wa daktari wa mji mdogo

Broca alizaliwa Juni 28, 1824 katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, ulio kando ya mto Dordogne, mashariki mwa Bordeaux. Baba yake alikuwa daktari aliyewahi kutumikia jeshi la Napoleon kama mpasuaji. Mama yake alikuwa binti wa mhubiri wa Kiprotestanti. Kijana alikuwa na akili nyepesi, na alipofika umri wa miaka 17 tayari alikuwa Paris akisomea udaktari.

Alipanda ngazi haraka. Alikuwa mpasuaji na mwalimu wa anatomia, tena mmoja wa madaktari wa mwanzo waliotumia hadubini kuchunguza uvimbe wa saratani. Kumbuka kwamba enzi hizo dawa ya usingizi ilikuwa ngeni, wapasuaji hawakujua vijidudu, na hapakuwa na eksirei. Daktari alitegemea macho yake, vidole vyake na maelezo ya mgonjwa.

Mwaka 1857 alimwoa Adèle Augustine Lugol, binti wa daktari aliyejulikana sana Paris. Jina la baba mkwe wake, Lugol, bado liko kliniki mpaka leo. Kama wewe ni mama na umewahi kupimwa dalili za awali za saratani ya shingo ya kizazi, huenda ulipakwa dawa ya maji yenye rangi ya kahawia. Hiyo ni iodini ya Lugol. Broca na mkewe walijaliwa watoto 3, binti mmoja na wavulana wawili, na wavulana wote wawili walikuja kuwa maprofesa katika fani ya tiba.

Mgonjwa aliyeweza kutamka neno moja

Sifa kubwa ya Broca duniani imetokana na ubongo. Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne aliyekuwa na mguu uliooza. Leborgne alikuwa ameishi hospitalini hapo miaka 21. Alielewa anachoambiwa, lakini kila alipotaka kujibu, kilichotoka kinywani mwake ni sauti ileile, tan, hata wauguzi wakazoea kumwita hivyo.

Leborgne alifariki siku chache baadaye. Broca alipoupima ubongo wake alikuta sehemu iliyoharibika upande wa kushoto, mbele. Akapata mgonjwa wa pili mwenye hali inayofanana, kisha wengine. Kutokana na kazi hiyo tukajua kwamba uwezo wa kutamka maneno una makao yake katika ubongo. Leo mzee wako akipata kiharusi, akawa anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki, madaktari wanasema sehemu ya Broca imeguswa.

Angalia jinsi alivyofanya kazi. Hakuridhika na mgonjwa mmoja. Alikusanya habari za mtu mmoja baada ya mwingine, akaziandika, akazilinganisha. Njia hiyohiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye saratani.

Ukoo wa Bibi Z

Mwaka 1866 Broca alichapisha kitabu kikubwa kuhusu uvimbe wa kila aina. Ndani yake alieleza habari za ukoo mmoja ambao hakuutaja jina. Mwanamke wa kwanza katika ukoo huo alimwita Madame Z, nasi tumwite Bibi Z.

Bibi Z alifariki kwa saratani ya titi mwaka 1788, akiwa na umri wa miaka 60. Aliacha mabinti 4. Wawili kati yao walikufa kwa saratani ya matiti, na wawili walikufa kwa saratani iliyoonekana kwenye ini. Broca hakuishia hapo. Aliwafuata wajukuu na vitukuu, akiandika nani alikufa, kwa ugonjwa gani na akiwa na umri gani, mpaka akafika mwaka 1856. Alipojumlisha, wanawake 10 kati ya 24 wa ukoo huo walikuwa wameuawa na saratani ya matiti. Wengine walikufa kwa saratani za viungo vingine.

Wanahistoria wa tiba wanaamini kwamba ukoo huo haukuwa wa wagonjwa wa kawaida tu. Ulikuwa ukoo wa Adèle, mke wake mwenyewe. Hebu fikiria, msomaji. Huyu ni mwanamume aliye na mke kijana na binti mdogo, anakaa mezani usiku anahesabu mama wakubwa, mama wadogo na binamu waliokwisha kuzikwa. Kila jina analoliongeza kwenye orodha linamsogelea mkewe na mwanawe. Angeweza kuifunga karatasi hiyo na kuitia kabatini. Aliichapisha, akificha majina ili kulinda heshima ya familia, ili madaktari wenzake wajifunze.

Swali aliloliuliza lilikuwa rahisi. Je, yawezekana vifo vingi namna hii vimekutana katika familia moja kwa bahati tu? Alilinganisha na jinsi saratani ilivyokuwa ikiua watu wengine wa wakati wake, akaona tofauti ni kubwa mno. Akahitimisha kwamba kuna kitu kinachorithiwa, ingawa hakuweza kusema ni kitu gani.

Jibu lililokuwa kwenye bustani ya njegere

Mwaka huohuo wa 1866, mtawa aitwaye Gregor Mendel, wa mji wa Brno ulio leo katika Jamhuri ya Czech, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya miaka mingi juu ya njegere. Alionesha kwamba mzazi humpa mtoto wake tabia za mwili kwa mpangilio unaohesabika. Hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya pili ya jibu la Broca. Lakini dunia haikuitilia maanani kazi ya Mendel mpaka mwaka 1900. Broca alikuwa amefariki miaka 20 kabla, na Mendel miaka 16 kabla.

Kwa lugha rahisi, kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, ukiacha chache zilizo kwenye kromosomu za jinsia. Mzazi mwenye nakala moja yenye hitilafu anaweza kumpa mtoto ile nzima au ile mbovu. Kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Ndiyo maana katika ukoo kama wa Bibi Z baadhi ya mabinti huugua na wengine huzeeka salama. Na ndiyo maana baba asiyeugua kamwe anaweza kumrithisha binti yake hatari hiyo.

Pale Broca alipopotoka

Siwezi kukusimulia maisha ya mtu huyu nikaacha upande wake mwingine. Mwaka 1859 Broca alianzisha chama cha anthropolojia mjini Paris, na miaka mingi ya maisha yake aliitumia kupima mafuvu na uzito wa ubongo. Alidai kwamba wanaume wana akili kuliko wanawake na kwamba Wazungu wako juu ya watu wengine, Waafrika tukiwemo, eti vipimo vinaonesha hivyo. Sayansi imeyatupilia mbali madai hayo. Vipimo vyake vya fuvu vilifuata imani aliyokuwa nayo tangu mwanzo, na madai ya namna hiyo yalitumika kuhalalisha dharau na ukoloni.

Mtu yuleyule aliyehesabu kwa uaminifu ukoo wa Bibi Z alihesabu kwa upendeleo alipogeukia mafuvu. Nalisema hili kwa sababu lina mwendelezo. Hadi leo tafiti nyingi za jeni za saratani zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Matokeo yake, Mwafrika anapopimwa jeni huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa jibu kwamba mabadiliko yameonekana lakini maana yake bado haijafahamika. Ukipewa jibu la namna hiyo usifikiri umehukumiwa, wala usikubali kufanyiwa upasuaji mkubwa kwa sababu hiyo pekee. Kaa na daktari wako akueleze, na uendelee kufuatilia kadiri elimu inavyoongezeka.

Broca alichaguliwa kuwa seneta wa maisha mwaka 1880. Hakuifaidi heshima hiyo, kwani Julai 9 mwaka huohuo alifariki ghafla mjini Paris akiwa na miaka 56. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel pamoja na majina ya wanasayansi wengine wa Ufaransa. Hata ubongo wake ulihifadhiwa, kama alivyokuwa akihifadhi wa wengine.

Kutoka Bibi Z hadi kromosomu ya 17

Baada ya Broca, karne nzima ilipita na madaktari wengi wakiendelea kuamini kwamba saratani ya matiti hairithiwi. Mwaka 1974 Mary-Claire King alianza kuutafuta ukweli. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa familia 23 zilizokuwa na wagonjwa 146. Walipozipanga familia hizo kwa umri ambao wanawake waliugua, jambo lilijitokeza wazi. Katika familia ambazo wanawake waliugua wakiwa vijana, alama za kurithi zilielekeza mahali pamoja, kwenye kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na ya pili, BRCA2, mwaka 1995.

Jeni hizi zote tunazo, wanawake na wanaume. Kazi yake ni kusaidia kukarabati vinasaba vinapokatika ndani ya seli. Zikiwa na hitilafu, makosa hujikusanya na seli inaweza kugeuka saratani. Takriban wanawake 70 kati ya 100 wenye hitilafu hizo hupata saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 80. Kwa saratani ya ovari, ni takriban 44 kati ya 100 kwa wenye hitilafu ya BRCA1, na 17 kati ya 100 kwa BRCA2. Mwanamume mwenye hitilafu hiyo, hasa ya BRCA2, naye yuko kwenye hatari zaidi ya saratani ya tezi dume na hata ya titi.

Maelezo hayo yanafanana sana na yale Broca aliyoyaandika. Hata zile saratani za ini za mabinti wa Bibi Z zina maelezo yanayowezekana, kwani saratani ya titi au ya ovari hupenda kuenea hadi kwenye ini, na kwa vipimo vya enzi zile ilikuwa vigumu kujua ilianzia wapi.

Usiogope kupita kiasi

Kabla hujaanza kuhesabu marehemu wa kwenu kwa hofu, shika jambo hili. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, ni 5 hadi 10 tu ambao ugonjwa wao umetokana na hitilafu kubwa ya kurithi. Walio wengi hawana historia hiyo kabisa. Kwa hiyo kuwa na shangazi mmoja aliyeugua akiwa na miaka 75 si sawa na ukoo wa Bibi Z. Vilevile, kutokuwa na mgonjwa katika ukoo si kinga. Uvimbe mpya kwenye titi, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo, hata kama kwenu hajawahi kuugua mtu.

Andika ukoo wako

Sasa nakuomba ufanye alichofanya Broca. Chukua daftari. Kaa na bibi, shangazi, mama mkubwa au mjomba mwenye kumbukumbu, uwaulize kwa upole na heshima. Andika vizazi vitatu: wewe na ndugu zako, wazazi wako na ndugu zao, halafu babu na bibi wa pande zote mbili.

Kwa kila aliyeugua saratani andika mambo matatu: ilianzia kiungo gani, aligundulika akiwa na umri gani, na ni wa upande upi. Usiulize matiti pekee. Uliza pia saratani ya ovari, kongosho na tezi dume. Wazee wetu hawakutumia neno saratani kila mara. Wanaweza kukuambia marehemu alikuwa na kidonda cha titi kisichopona, au tumbo lilijaa maji, au alirogwa na mke mwenza. Andika maelezo yao kama walivyoyatoa, daktari atayapima.

Watu wengi husahau upande wa baba. Shangazi yako, yaani dada wa baba, ana uzito uleule na mama yako mdogo. Kama baba yako hakuwa na dada, hatari inaweza kuwa imepita kimya mpaka ikakufikia wewe.

Mpeleke daktari daftari hilo ukiona mojawapo ya haya: mtu aliyepata saratani ya matiti kabla ya miaka 50, jamaa wawili au zaidi wa upande mmoja walioipata, mtu mwenye saratani ya ovari, mwanamume mwenye saratani ya titi, au mtu mmoja aliyepata saratani kwenye matiti yote mawili. Si lazima yawepo yote. Moja tu linatosha kuanzisha mazungumzo.

Daktari anaweza kushauri uanze uchunguzi wa matiti mapema, mara nyingi miaka 10 kabla ya umri aliougua jamaa yako mdogo kuliko wote. Kipimo cha jeni huchukuliwa kwa damu au mate. Si kila hospitali inacho na gharama yake bado ni kubwa, hivyo ni vizuri aanze kupimwa yule aliyeugua, ikiwa yupo hai. Kwake jibu lina faida ya moja kwa moja, kwa sababu zipo dawa zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa saratani zenye hitilafu za BRCA. Ikionekana kwake, ndugu wengine watapimwa hitilafu hiyo moja tu, jambo ambalo ni rahisi zaidi. Mwenye hitilafu ana njia kadhaa za kujikinga, kuanzia uchunguzi wa kila mwaka kwa MRI au mamogramu hadi upasuaji wa kuondoa ovari au matiti. Uamuzi ni wake, baada ya ushauri, na hauhitaji haraka ya siku moja.

Kwa wazazi nina neno moja. Usikimbilie kumpima mtoto jeni hizi. Saratani hizi ni za watu wazima, na hakuna tiba atakayopewa akiwa na miaka 8 kwa sababu ya jibu hilo. Mwache akue aamue mwenyewe. Kazi yako ni kumtunzia lile daftari.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ukoo, anayeumbuliwa si aliyeficha peke yake, ni binti na mjukuu waliokuwa hawajui. Familia nyingi huzika chanzo cha kifo pamoja na marehemu, kwa aibu au kwa kuogopa mabinti kukosa wachumba. Broca alificha jina la Bibi Z, lakini ugonjwa wake hakuuficha. Nanyi mnaweza kufanya vivyo hivyo: siri ya jina ibaki ndani ya familia, habari ya ugonjwa imfikie anayeihitaji. Mtakapokutana msibani au harusini mwezi huu, watafuteni wazee mapema, kabla hawajaondoka na majibu.